Inua spika zako zifikie masikio

Hebu weka gazeti hili kando kwa dakika moja uitazame sebule yako. Spika zako zimekaa wapi? Nikibahatisha, nitasema moja iko juu ya kabati la ukutani, karibu na vikombe vya wageni, na ya pili iko sakafuni nyuma ya kochi kwa sababu waya haukufika kwingine. Au zote mbili zimebanwa pembeni, moja juu ya nyingine kama magunia ya mahindi, na juu yake pametandikwa kitambaa cha kufuma na chombo cha maua. Sikucheki. Nyumba nyingi nilizokaribishwa chai jijini Nairobi ziko hivyo, na wenyewe hulalamika kwamba mtambo walioununua Luthuli Avenue ulilia vizuri dukani, lakini ulipofika nyumbani ukawa kama umeshikwa na mafua.

Nakuomba leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi hawakifikirii kabisa, nacho ni stendi ya mbao ya kuwekea spika. Si kitu cha matajiri. Ni kitako, nguzo na kibao cha juu, basi. Mtu mwenye msumeno, randa na subira ya wikendi mbili anaweza kutengeneza jozi nzima.

Kilichonisukuma mimi si muziki. Ni baba yangu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 80 na ambaye anaishi nasi. Mzee huyu hajawahi kukosa taarifa ya habari ya redio tangu enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989. Sasa masikio yamechoka. Alikuwa akisikiliza habari za ajali barabarani kisha ananigeukia na kuniuliza, "Wamesema watu sita ama tisa?" Nami ninajibu. Baada ya dakika mbili anauliza tena. Akaanza kuongeza sauti, vikombe kabatini vikaanza kutetemeka, jirani wa chini akaanza kugonga dari yake kwa mpini wa ufagio, na watoto wakawa wanakimbilia chumbani na vitabu vyao. Yote hayo niliweza kuyavumilia. Kilichoniuma ni siku Mzee alipoacha kuuliza. Akawa anakaa tu mbele ya redio, mikono magotini, kama mtu aliye kituoni akingoja basi ambalo ameambiwa haliji.

Hebu yaangalie maneno hayo mawili, sita na tisa. Irabu zake ni zile zile, i na a, zikifuatana vile vile. Tofauti yote imebebwa na konsonanti. Irabu zina nguvu nyingi na mlio mzito kiasi, ilhali s, t, f na sh ni milio myembamba, iliyo juu sana na isiyo na nguvu. Uzee nao, unapoanza kuyanyang'anya masikio, huanza na milio hiyo myembamba. Ndiyo maana mzee wako hukwambia, "Nasikia mnaongea lakini sielewi mnasema nini," nawe ukadhani ni ukaidi.

Sasa njoo kwenye spika. Ukiifungua kitambaa chake cha mbele utaona duara kubwa, ambalo vijana huliita wufa, na duara dogo linaloitwa tuita. Duara kubwa hutoa besi, dogo hutoa milio myembamba. Milio hii miwili haisafiri kwa namna moja. Sauti hukata karibu mita 340 kwa sekunde hewani. Mlio mzito wa mitetemo 100 kwa sekunde una wimbi la urefu wa karibu mita tatu na nusu, na wimbi kubwa kama hilo huzunguka kochi, meza na tumbo la mgeni bila taabu. Mlio mwembamba wa mitetemo 10,000 kwa sekunde una wimbi la sentimita tatu na ushei tu, upana wa vidole viwili. Huo huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na ukikutana na mto wa kochi au pazia unamezwa.

Kwa hivyo spika iliyo sakafuni humulika magoti yako. Konsonanti zinaishia kwenye zulia na miguu ya meza. Besi nayo, badala ya kupungua, inaongezeka, kwa maana sakafu na ukuta huirudisha chumbani, na pembeni, mahali kuta mbili na sakafu zinapokutana, huongezeka zaidi. Besi hiyo iliyovimba huyafunika maneno. Mtu asiyesikia vizuri anaongeza sauti, na anachokiongeza zaidi ni kile kile kinachomzuia kusikia. Kuziweka juu ya kabati si dawa, kwa sababu huko zinamulika dari, na kabati lenyewe, likiwa sanduku tupu lenye vioo, linageuka kuwa ngoma.

Dawa ni kuipandisha tuita hadi usawa wa sikio la mtu aliyeketi, na kuitoa spika ukutani.

Nilipokwenda Gikomba kwa wauza mbao na kumweleza fundi mmoja ninachotaka, alinitazama, akaweka penseli sikioni na kusema, "Mama, spika inaumwa nini hadi itengenezewe kitanda?" Akacheka, nami nikacheka. Halafu akataka kuniuzia vigoda viwili vya baa vilivyokwisha kupigwa vanishi. Vilikuwa vizuri, lakini vigoda vya baa hutengenezwa kwa ajili ya makalio, navyo ni vyepesi na vina miguu myembamba. Spika ya kilo sita juu yake ni mtego. Nikaamua kununua mbao niifanye kazi mwenyewe na binti yangu, ambaye yuko sekondari na anapenda hesabu kuliko anavyopenda kufagia.

Ninyi mliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4 uliopoanza mwaka 1985 mtakumbuka tulivyochongeshwa miiko ya ugali na vipini vya jembe shuleni. Wengi tuliona ni adhabu. Mimi mkono wangu haujasahau namna ya kushika randa, na nawashukuru walimu wale, ingawa mwiko wangu ulikuwa na kichwa kama kasia.

Kabla ya kununua hata inchi moja ya ubao, pima. Mketishe msikilizaji kwenye kiti chake cha kila siku, si kiti cha wageni, na umpime kutoka sakafuni hadi tundu la sikio. Kwenye kochi letu, mimi nilikuwa sentimita 95. Mzee hapendi kochi kwa sababu linamzamisha, yeye ana kiti chake cha mbao chenye mikono, na sikio lake lilikuwa sentimita 104. Hapo pakawa na ubishi nyumbani. Mume wangu alitaka wastani. Binti yangu alisema wastani wa kweli ungekuwa kuhesabu watu wote watano. Nikakata shauri kwamba tuta-egemea upande wa Mzee, tuweke 100, kwa kuwa sisi wengine masikio yetu bado yanaweza kulipia tofauti ya sentimita chache, yake hayawezi.

Kisha pima kutoka chini ya spika hadi katikati ya tuita. Yangu ilikuwa sentimita 28. Toa 28 kwenye 100, unabaki na 72. Hicho ndicho kimo cha stendi nzima kutoka sakafuni hadi kibao cha juu. Kwenye 72 hiyo nilitoa kitako cha sentimita 3.6, kibao cha juu cha 1.8 na raba za chini za 0.6, nguzo ikabaki sentimita 66. Usinakili namba zangu, nakili hesabu.

Mbao sasa. Kwa nguzo nilitumia saiprasi, sita kwa moja, kwa maana hupatikana kila mahali na hurandika kwa urahisi. Mti huu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini umepandwa kwenye milima yetu kwa miaka mingi hata tunauona wa kwetu. Mvule ni mzito na mzuri kushinda, lakini sioni haja ya kuumaliza mvule uliobaki kwa ajili ya stendi. Saiprasi yenyewe ilipanda bei baada ya serikali kupiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, marufuku ambayo Rais alitangaza kuiondoa mwaka 2023. Wakati wa uhaba muuzaji hangoji ubao ukauke, na desturi hiyo bado iko. Ubao mbichi utauhisi ni baridi ukiuweka shavuni, na ni mzito kuliko ukubwa wake. Ukiujenga hivyo, utanywea katika upana wake na kupinda, na viungo vitaachia midomo wazi. Upange ndani ya nyumba, kila ubao ukitenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili hewa ipite, mbali na jua kali. Kata kipande kimoja kifupi ukipime uzito kila wiki kwenye mizani ya jikoni. Siku kitakapoacha kupungua, mbao ziko tayari. Zetu zilikaa chini ya kitanda cha wageni muda mrefu, na mgeni mmoja alituuliza kwa upole kama tunatengeneza jeneza.

Kwa kitako na kibao cha juu nilitumia plaiwudi ya milimita 18. Ubao mpana wa mti mmoja hutanuka mvua zikija na kunywea kiangazi, lakini plaiwudi imepandikizwa tabaka kwa tabaka, moja ikivuka nyingine, kwa hivyo hutulia. Kitako ni vipande viwili vya sentimita 38 kwa 38 vilivyogandishwa pamoja. Kibao cha juu kiwe kidogo kuliko tako la spika kwa sentimita moja hivi, kisitokeze.

Nguzo ni sanduku refu lenye uwazi ndani. Ubao wa sita kwa moja ukisharandwa vizuri hubaki na upana wa sentimita 14 na unene wa mbili. Unahitaji mbao mbili za upana wa 14, na mbili za upana wa 10 za kuingia katikati yake. Ukiziunganisha unapata nguzo ya 14 kwa 14 nje, na uwazi wa 10 kwa 10 ndani. Paka gundi nyeupe ya mbao, zibane. Kama huna vibanio, kata tyubu kuukuu ya baiskeli iwe ukanda mrefu, uizungushe nguzo huku ukiivuta kwa nguvu zako zote, kutoka chini hadi juu. Gundi itafinywa itoke nje kama jasho, uifute kwa kitambaa chenye maji kabla haijakauka. Iache hadi kesho yake.

Wengi hapa huchukua misumari minne wakagongea kitako kutoka chini, moja kwa moja kwenye ncha ya nguzo. Usifanye hivyo. Msumari au skrubu inayoingia kwenye ncha ya ubao, sambamba na nyuzi zake, haishiki sana, ni kama kuchomeka kijiti katikati ya ufagio. Gandisha vipande vidogo vya mbao ndani ya nguzo, juu na chini, vikiwa vimelala, halafu skrubu za kitako ziingie ndani ya vipande hivyo. Toboa kwanza kwa kekee nyembamba, la sivyo saiprasi itapasuka na kukulaza bila usingizi.

Kazi ya binti yangu ilikuwa kuhakikisha pembe. Hatukuwa na kipimo cha fundi, akatumia utepe wa kushonea nguo. Alipima kitako kutoka pembe hadi pembe, kwa njia zote mbili, akaniambia ikiwa pande zote ni 38 basi kila mshazari sharti uwe 53.7, na ukipungua upande mmoja kitako kimepinda. Cha kwanza kilikuwa sawa. Cha pili kilipishana kwa milimita tano, akakikatalia katakata hadi kilipopigwa randa upya. Alisema ni mara ya kwanza kuona Pythagoras akimsaidia mtu.

Kabla ya kufunga kibao cha juu, tia mchanga ndani ya nguzo. Mchanga hufanya mambo mawili. Huzuia mbao zisitetemeke pamoja na muziki, kwa sababu chembe zake husuguana na kuumeza mtetemo, na huongeza uzito chini. Uwazi wa nguzo yangu una lita sita na nusu. Niliujaza nusu tu, karibu kilo tano, maana uzito ukikaa chini stendi haianguki kwa urahisi, ukijaa hadi juu unapoteza sehemu ya faida hiyo. Mchanga uoshwe, uanikwe siku kadhaa, uchekechwe. Wasomaji wa Mombasa na Malindi, tafadhali msichukue wa ufuoni, kwa kuwa una chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kuzila skrubu. Mimi niliushonea ndani ya mguu wa suruali kuukuu ya mume wangu, pande zote mbili, usije ukavuja kila nyumba inapofagiliwa. Suruali hiyo bado anaitafuta.

Chini ya kitako bandika vipande vya raba. Utasikia watu wakisifu miiba ya chuma, lakini sakafu zetu ni za vigae na saruji, itazikwaruza na mwenye nyumba atakudai. Vipande vitatu havitayumba hata sakafu ikiwa na mawimbi, kama kigoda cha miguu mitatu. Lakini vinne huzuia kuanguka vizuri zaidi, na penye watoto wadogo nakushauri vinne, ukirekebisha kimoja kwa kipande cha kadi hadi stendi itulie.

Juu ya watoto sitanii. Mtoto wa miaka miwili huvuta chochote kilicho usawa wa uso wake, na waya humwita. Pitisha waya nyuma ya nguzo na uubane usining'inie. Weka vipande vinne vya raba laini chini ya spika ili isiteleze, na kama una mtoto anayejifunza kutembea, ifunge spika kwa ukanda kwenye ndoano ya ukutani. Kisha isukume stendi kwa mkono kwenye sehemu ya juu kabisa. Ikiinuka upesi, ongeza upana wa kitako. Usiridhike kwamba "itakaa tu".

Baada ya msasa na mipako miwili ya vanishi, ngoja karibu wiki moja kabla ya kupandisha spika, vinginevyo raba zitagandamana na kibao. Halafu ziweke nusu mita kutoka ukutani ikiwa nafasi ipo, na umbali kati ya spika mbili ukaribiane na umbali wa kutoka kwa kila moja hadi kwa msikilizaji. Zetu ziko mita mbili hivi, zimegeuzwa kidogo kumwelekea Mzee. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi cha Kayole au Pipeline, chenye kitanda na jiko humo humo, hilo haliwezekani, najua. Hapo jitahidi tu kuzitoa pembeni na kuzipandisha, hata kama ni sentimita 20 kutoka ukutani.

Na jirani wa chini? Ufagio wake umepumzika, lakini hasa ni kwa sababu sasa tunasikiliza kwa sauti ya chini kuliko zamani. Raba na mchanga hupunguza mtetemo unaoingia sakafuni kupitia kitako. Besi inayopita hewani haijali stendi, itapita dari na kuta. Usijenge stendi halafu ukafungulia muziki hadi saa nane za usiku ukisema umeruhusiwa na gazeti; kanuni za kelele za mwaka 2009 bado zipo.

Mzee naye sitakuongopea kwamba amepona. Ubao haurudishi sikio. Tulimpeleka kliniki ya masikio, akapimwa, na sasa ana kifaa ambacho hukivaa siku anazotaka. Lakini jioni ya kwanza stendi zilipowekwa, kabla hata ya kliniki, taarifa ya habari iliposomwa aliinamisha kichwa kidogo, akasikiliza hadi mwisho, akaanza kubishana na mtangazaji juu ya bei ya mahindi. Baadaye tukamwekea benga ya zamani ya D.O. Misiani na Shirati Jazz. Gitaa la mbele lilisikika likichonga kila noti peke yake, si ule mngurumo wa awali, na Mzee akatuambia majina ya kumbi alizochezea dansi akiwa kijana, majina ambayo mama yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuyataja mbele yetu.

Binti yangu amebaki na mbao za kutosha stendi moja zaidi. Mzee ameagiza iwe ya redio yake ndogo ya chumbani, kando ya kitanda, na amekataa kupimwa akiwa ameketi. Anasema huko husikiliza akiwa amelala ubavu wa kulia, kwa hivyo apimwe hivyo hivyo, na mto ukiwa umewekwa.